Barua kwa mwanangu: bibi hakutaja punda

Mwanangu mpenzi,

Nimecheka peke yangu barazani mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Ati bibi jirani yako, huko kijijini karibu na Aberdeen, Uskoti, kakuomba umtolee nje "aiss backet"; ukafungua kamusi, ukakuta neno "aiss" huandikwa pia "ass", ambalo kwa Kiingereza ni punda, ukabaki unajiuliza punda kaingiaje.

Punda hayumo. Ni majivu. Kiskoti, lugha ya wenyeji wa huko, hakina tahajia moja, ndiyo maana utaliona neno hilo likiandikwa ase, ass au aiss. "Backet" ni kisanduku cha kuzolea majivu, na jalala la kuyamwaga ni "ase-midden". Usichanganye na "ashet" tu: hiyo ni sahani kubwa ya kupakulia nyama, na imetoka kwenye assiette ya Kifaransa. Mimi nilipokuwa nasoma Dundee niliambiwa nilete ashet, nikaenda zangu mekoni kutafuta majivu!

Utamu wenyewe uko kwenye majina ya watu. Msichana mchafuchafu anayeshinda mekoni huitwa "ashypet". Na visiwani Orkney, kaskazini mwa Uskoti, wana ngano ya Assipattle, mtoto wa kiume wa saba, mvivu, analala majivuni na kaka zake wanamcheka. Likaja joka la baharini, Stoor Worm, la kumeza miji. Mashujaa wote wakashindwa. Kijana akaiba bonge la udongo mkavu wa kinamasi, ule unaochomwa huko badala ya kuni, likiwa bado linawaka. Akaingia na mashua hadi tumboni mwa joka, akalipachika kwenye ini. Ini likashika moto. Joka likafa likitapatapa, meno yakadondoka yakawa visiwa vya Orkney, Shetland na Faroe, na mwili ukajikunja ukawa Iceland. Sisi husema moto huzaa jivu. Wao wakamtoa mbeba moto jivuni. Mimi naona wametuzidi hapo.

Neno jingine la kushika ni "aizle", kipande cha kaa ambacho bado kina moto. Mshairi wa Uskoti Robert Burns analo katika shairi lake la Halloween, alilolitunga 1785: bibi kamkasirikia mjukuu, anavuta kiko kwa hasira, moshi mtindo mmoja, hata hana habari kwamba aizle imemtoboa aproni yake mpya ya sufu. Kila nikilisoma namwona marehemu shangazi yako, ingawa yeye hakuvuta kiko.

Basi mtolee bibi majivu yake. Ila yachokonoe kwanza kwa kijiti kabla ya kuyamwaga, hasa kama jalala liko karibu na banda la kuni. Ukiona chekundu, mwulize kama hiyo ndiyo aizle, kisha uniandikie amejibu nini.

Baba yako