Maswali yenu: lita, kilo na tenki lililojaa nusu

Safu ya leo ni ya wanaosambaza maji ya kunywa, mafuta ya kula, maziwa na sabuni ya maji kwa magari madogo. Naanza na swali ambalo hunifikia karibu kila wiki.

Kirikuu yangu ibebe lita ngapi za maji? (Tabata)

Gari halihesabu lita, linahesabu kilo, na hili nimeliandika mara nyingi kiasi kwamba leo naliandika kwa mara ya mwisho. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ya mafuta ya kula hupungua kidogo, na ya asali hufika kama kilo 1.4. Kirikuu zilizotengenezwa kwa soko la Japani hupangiwa mzigo usiozidi kilo 350, yaani chupa 17 za lita 18.9 pamoja na uzito wa plastiki yenyewe. Wewe unaeleza kwamba hupakia chupa 40, na kwamba fundi alikuongezea springi. Springi hizo zinainua bodi ili gari lisionekane limelemewa, lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, na matairi hayakuambiwa chochote.

Natumia Hiace iliyoondolewa viti na tenki la lita 1,000 lenye fremu ya chuma, lakini hujaza nusu tu ili nisizidishe uzito. Niko sahihi? (Kimara)

Kwa upande wa uzito una hoja, ingawa nusu hiyo bado ni kilo 500, na tenki tupu peke yake lina kama kilo 60. Kwa upande wa usalama umekimbia hatari moja ukaangukia nyingine. Tenki lililojaa hadi karibu na mfuniko, maji yake hayana pa kwenda. Lililojaa nusu limeyaachia maji uwanja wa kukimbia.

Niliwahi kukaa kiti cha abiria katika gari la namna hiyo, tukiteremka kuelekea makutano yenye taa. Dereva alikanyaga breki vizuri, gari likasimama, naye akalegeza mguu. Ndipo nyuma yetu kikasikika kishindo kizito, maji yakapiga ukuta wa mbele wa tenki, na gari likasogea kama shubiri mbili hadi likagusa tairi la bodaboda iliyokuwa mbele yetu. Tulipokagua, mikanda ilikuwa imekaza barabara na tenki halikuwa limehama hata kidogo. Kilichotusukuma ni maji yaliyokuwa ndani yake. Kwenye kona wimbi hilo hilo huenda upande ambao gari tayari limeinamia, na gari lenye kimo kama Hiace linaweza kupinduka katika mwendo ambao dereva aliuona wa kawaida kabisa.

Ukihitaji lita 500, chukua madumu 25 ya lita 20, uyajaze yote, na kila mteja umshushie dumu zima badala ya kumpimia kutoka kwenye chombo kimoja kikubwa kinachozidi kupungua njiani. Yako matenki yenye kuta za ndani zilizotobolewa matundu, nayo yanasaidia, ila kuta zilizokatiza upana wa tenki hupunguza wimbi la breki tu. La kona hubaki palepale.

Kamba ya manila haitoshi kufungia mzigo? (Mwanza)

Haitoshi. Hunyooka ikivutwa, na fundo hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Vipande vya tyubu ndiyo kabisa usiniulize. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo hutaka vifungio vihimili nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na angalau asilimia 50 kuelekea nyuma na pembeni. Kwa kilo 500, hiyo ni nguvu ya kilo 400 na 250. Tumia mikanda yenye kikazio cha chuma, na ndoano zake zishike kwenye pete zilizofungwa kwa bolti kwenye sakafu au fremu ya gari, si kwenye bawaba ya mlango. Kabla ya kufunga, sukuma mzigo hadi uegemee ukuta wa mbele, kisha ziba nafasi zinazobaki kwa mbao. Plastiki iliyojaa hubonyea safarini na mkanda hulegea, kwa hiyo simama baada ya kilomita chache ukaze tena.

Naweza kuweka tenki la lita 200 juu ya keria ya Noah? (Moshi)

Hapana.

Utingo wangu hupanga madumu mlangoni ili kushusha kuwe rahisi. Kuna ubaya? (Dodoma)

Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari huinuka, usukani huwa mwepesi, na siku ya mvua utakata kona gari liendelee kunyooka. Mzigo mzito ukae chini, mbele ya ekseli hiyo, na madumu yasipandane zaidi ya safu mbili. Hukuuliza, lakini nadhani huyo utingo hukaa juu ya madumu hayo. Mhamishie kiti cha mbele.

Nifungeje madumu ya petroli ndani ya gari lililofunikwa? (Singida)

Sitakufundisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche ya swichi inautosha. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa petroli iliyomwagika mahali pa wazi. Wewe unataka kujifungia nayo.

Madumu ya mafuta ya kula huvuja kidogo kwenye mfuniko, sakafu inateleza. Nifanyeje? (Tanga)

Nunua mifuniko mipya yenye mpira wake ndani, kisha sugua sakafu kwa sabuni ya unga kabla ya kupakia, kwa sababu kwenye sakafu yenye mafuta madumu huteleza hata yakiwa yamefungwa. Na ule mfuko wa plastiki mnaoubana chini ya mfuniko si mfuniko, mbali na kwamba tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, haukupaswa hata kuwa mkononi mwako.