Skeli naijua lakini solo haitoki, nifanyeje?

SUALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi nna miaka 43, nakaa Wete, gitaa napiga kujifurahisha tu baada ya kazi. Kordi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) nazijua, pentatoniki ya Am, ile skeli au mfululizo wa nota tano, pale freti ya 5 (vile vijisehemu vya shingo ya gitaa) naipanda na kuishuka bila kuangalia, lakini nkitaka kupiga solo, yaani nyimbo ya nota moja moja juu ya kordi, nasikia skeli tu, nyimbo siisikii. Nijifunze skeli nyengine au ndo umri ushapita?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. La umri liwache kabisa, kama unaipanda na kuishuka bila kuangalia basi vidole vishafanya kazi yao, na skeli nyengine nakuomba usiongeze sasa hivi itakuzidishia kuchanganyikiwa tu. Shida yako ni kuwa unapiga nota bila ya kusikiliza kordi gani inapita chini yake.

Jirekodi kwenye simu ukipiga Am, F, C, G, kila kordi hesabu nne, polepole, metronomu (chombo cha kupigia mapigo) iweke mapigo 60 kwa dakika. Halafu juu yake piga nota moja tu kwa kila kordi: ikiingia Am piga uzi wa 4 (hesabu kuanzia ule mwembamba kabisa) freti ya 7, hiyo ni A, ikija F nenda uzi wa 3 freti ya 5 upate C, kwenye C uzi wa 2 freti ya 5 ni E, na kwenye G rudi uzi wa 3 freti ya 7, ni D. Zote zimo kwenye pentatoniki yako hiyo hiyo, na kila moja imo ndani ya kordi yake, ndo maana utasikia zinatulia. Ukizoea tia nota mbili tatu za njiani, ila kordi ikibadilika tu uwe ushafika kwenye nota yake. Na kwanza uimbe kwa mdomo, kisha ndo ukitafute kile ulichoimba kwenye gitaa. Dakika 20 kila siku baada ya Isha zinatosha, bora hizo kuliko kukaa masaa matatu Jumapili peke yake.

Tena msikilize mpiga udi wa taarabu anapopiga taksimu, yaani anapopiga peke yake kwa kubuni papo hapo, anasema kidogo, ananyamaza, anarejea kwenye nota yake ya mwanzo, hana haraka hata kidogo. Wanaojifunza solo wengi hawanyamazi na hapo ndo wanapoharibu.

Kuvuta uzi, yaani kuusukuma pembeni ili nota ipande, nako kunataka sikio. Piga E ya uzi wa 2 freti ya 5 uisikie, halafu weka kidole cha pete uzi wa 3 freti ya 7, vidole viwili vya nyuma yake visaidie kusukuma, uvute mpaka ifike E ile ile, wengi wanaishia njiani inasikika kombo. Kwa gitaa la umeme tia nyuzi za 009, yaani nyuzi nyembamba, kwenye akustiki uzi wa 3 kawaida umeviringwa waya na kuuvuta toni nzima ni taabu. Hewa yetu ya bahari inazila nyuzi, kwa hivo ukimaliza kupiga zifute kwa kitambaa kikavu, maana uzi ukishaingia kutu unakwaruza kidole na hautyuniki vizuri.