Kupima kortiso hakukwambii kama una ADHD

Dadangu ulouliza kama ukapime kortiso (homoni ya msongo wa mawazo) na inflamesheni (uvimbe wa ndani ya mwili) ndio ujue hiyo akili ya kuruka ruka ni ADHD, ile hali ya ubongo ya kukosa makini na utulivu, pesa zako weka tu. ADHD ya mtu mzima haina kipimo cha damu, daktari wa akili anakaa na wewe anakuuliza mambo tangu utotoni, kabla ya miaka 12, saa nyengine ataka na mamako aseme. Kortiso yenyewe yapanda asubuhi, kama nusu saa baada ya kuamka, halafu yashuka mpaka usiku, kwa hivyo wewe utolewe damu saa mbili asubuhi mwenzio saa kumi jioni, namba hazifanani na nyote mko wazima. CRP nayo, kile kipimo cha damu cha inflamesheni? Hata jino bovu laipandisha. Utafiti upo lakini majibu yanagongana, wengine wamekuta kortiso ya asubuhi iko chini kwa wenye ADHD, wengine hawakuona tofauti yoyote. Mie ninayo hiyo ADHD, juzi nimevuka feri mpaka Likoni ndio nakumbuka nilitoka kwenda Marikiti, soko la huku huku kisiwani Mombasa, kununua nazi 😂 Kilonisaidia ni dawa ya daktari na kulala mapema, ile kahawa tungu ya saa nne usiku barazani nimeiacha, kwa shingo upande wallahi.