Majaribio 60 yamepita, mbona nimepata alama 14?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Moshi, na muhula huu tunasoma upimaji wa programu za kompyuta. Tulipewa programu ya kukokotoa mikopo ya chama cha akiba na mikopo, pamoja na masharti ya chama hicho, tukaambiwa tuipime na kuwasilisha majaribio yetu. Nilikesha siku nne nikaandika majaribio 60. Yote yalipita, na zana tuliyofundishwa kuitumia ilionyesha kwamba kila mstari wa programu ulipitiwa, yaani asilimia 100. Nilipata alama 14 kati ya 40, na pembeni mwa karatasi mhadhiri aliandika maneno mawili tu: "Umepima nini?" Mwenzangu aliyeandika majaribio 15 alipata 33. Nimeambatanisha kazi yangu. Naomba unieleze nilipokosea, kwa sababu nimeanza kulichukia somo nililokuwa nikilipenda.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma kazi yako yote, na ninaona kwamba mhadhiri wako aliuliza swali la haki, ingawa ilimpasa akuonyeshe pia mahali penye kosa, kwa kuwa mwanafunzi aliyekesha siku nne anastahili zaidi ya maneno mawili.

Tazama jaribio lako la 7. Mwanachama amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba ni asilimia 1 kwa mwezi, na wewe umeandika kwamba jumla ya riba inayotarajiwa ni shilingi 144,000. Masharti mliyopewa yanasema kwamba riba inatozwa kwenye salio la mkopo. Sasa chukua kalamu. Kila mwezi mwanachama anarejesha shilingi 100,000 za mkopo wenyewe, kwa hiyo riba ya mwezi wa kwanza ni 12,000, ya mwezi wa pili ni 11,000, ya mwezi wa tatu ni 10,000, na inaendelea kushuka hivyo hadi mwezi wa mwisho ambapo ni 1,000. Ukijumlisha unapata 78,000. Programu hiyo inatoza riba kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, kana kwamba mwanachama hajarejesha hata senti. Mama anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni angelipa shilingi 66,000 zisizo halali, na jaribio lako lingemthibitishia kwamba hesabu iko sawa.

Hiyo 144,000 uliipata wapi? Naamini uliendesha programu kwanza, ukaona jibu ililotoa, kisha ukalinakili kwenye safu ya jibu linalotarajiwa. Majaribio yako mengi yana dalili hiyo. Kufanya hivyo ni kumpa mwanafunzi asahihishe mtihani wake kwa kutumia karatasi yake mwenyewe: atapata zote. Jibu linalotarajiwa halina budi kutoka nje ya programu, yaani kwenye masharti, kwenye hesabu uliyoifanya kwa mkono, au kwa karani wa mikopo anayeijua kazi hiyo, na ni lazima uliandike kabla hujaiendesha programu. Ukilizingatia jambo hili moja, nusu ya somo umeshaipata.

Kuhusu ile asilimia 100, inaeleza tu kwamba mistari yote ilipitiwa. Haielezi kwamba ilichokifanya ni sahihi. Mstari unaokokotoa riba ulipitiwa mara nyingi sana, na kila mara ulikosea. Aidha, zana hiyo haiwezi kuhesabu mistari ambayo mtengenezaji alisahau kuiandika. Mwanasayansi wa Uholanzi Edsger Dijkstra alisema mwaka 1969 kwamba upimaji huonyesha kuwapo kwa makosa, wala hauonyeshi kutokuwapo kwake, na kauli hiyo ingefaa kubandikwa mlangoni mwa kila maabara ya kompyuta.

Idadi nayo imekudanganya. Masharti yanamruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwanachama wako ana akiba ya 400,000, nawe umempima kwa mkopo wa 300,000, kisha 350,000, kisha 500,000, na kuendelea, na yote hayo yamo katika kundi moja la mikopo inayokubalika, kwa hiyo jaribio la pili halikukuambia chochote ambacho la kwanza halikukwambia. Makosa hupenda kukaa mpakani. Mpaka wako ni 1,200,000, hivyo ulipaswa kujaribu 1,199,999, kisha 1,200,000 yenyewe, kisha 1,200,001. Mtengenezaji akiandika "chini ya" mahali pa "isiyozidi", majaribio haya matatu yatamkamata, na yale mengine yote yatampita bila kumwona. Bila shaka hivyo ndivyo mwenzako wa majaribio 15 alivyofanya.

Kuna sharti jingine ambalo hukuligusa kabisa, na kwangu ndilo tamu kuliko yote: mwanachama hukopa baada ya kutimiza miezi sita. Aliyejiunga tarehe 31 Agosti anatimiza lini? Hakuna tarehe 31 Februari. Je, ni mwisho wa Februari, au ni tarehe 1 Machi? Masharti hayasemi, na wewe huna mamlaka ya kuamua. Hapo mpimaji huandika swali na kulipeleka kwa mwenye chama, na swali hilo likiwa kwenye ripoti lina thamani kuliko majaribio kumi yaliyopita.

Usidhani kwamba mipaka ni mchezo wa darasani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, nchini Guiana ya Ufaransa, ikasambaratika takriban sekunde 40 baadaye. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri, lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo wa mlalo mkubwa zaidi, na nambari ya mwendo huo haikuenea katika nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Sehemu hiyo haikuwa imejaribiwa kwa takwimu za safari ya roketi mpya.

Ninakushauri uirudie kazi yako hata kama alama hazitabadilika. Anza na karatasi tupu na yale masharti, huku kompyuta ikiwa imezimwa.

SWALI: Ninasoma mwaka wa pili hapa Arusha. Je, naweza kufanya mazoezi ya upimaji kwenye mfumo wa matokeo wa chuo chetu bila kumwambia mtu, ili nikipata kasoro niwape taarifa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Nia yako ni njema, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Omba ruhusa kwa maandishi kwanza, na ukinyimwa, uache. Pima programu yako mwenyewe au ya mwenzako aliyekubali. Jaribu kumsajili mtu anayeitwa Ng'wandu, maana programu nyingi za wanafunzi hukwama kwenye ile alama ya ng', ambayo hifadhidata huidhania kuwa mwisho wa maandishi. Kisha msajili tena kwa nambari ileile ya simu, mara moja ikianza na 0 na mara nyingine ikianza na +255, uone kama programu itamhesabu kuwa mtu mmoja au wawili.