Kabla Hujaunda Programu ya Kuichunguza Kaunti, Omba Karatasi Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Voi aliniandikia: "Dada, sisi ni vijana wa kompyuta hapa mtaani. Tunataka kuunda programu ya simu ili mwananchi aone pesa zote za kaunti zinavyotumika. Tuanzie wapi?" Nimeona nimjibu hapa, maana swali hili naulizwa sana tangu habari za zahanati yetu zienee. Tena najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo, ya kuona serikali ikifanya kazi yake mchana kweupe.

Jibu langu ni kwamba msianze na programu. Anzeni na mradi mmoja, karatasi moja inayouhusu, na mtu anayepita mbele ya mradi huo kila siku. Hayo matatu yakikutana, hata WhatsApp inatosha. Yasipokutana, programu nzuri kupita zote itabaki kuwa picha ya kuonyeshana kwenye warsha.

Kwa wasionijua, nina saiba katika mji mdogo wa Pwani. Napiga fotokopi, nachapisha barua, nawasaidia watu kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mwaka mmoja nilipewa kazi ya kutoa nakala za vitabu vya bajeti kwa ajili ya mkutano wa ushirikishaji wa umma. Mashine ikiendelea kutema karatasi, mimi nikawa nasoma. Nikafika kwenye wadi yetu, nikakuta wodi ya kujifungulia ya zahanati yetu imeandikwa kuwa imekamilika. Jengo hilo nalijua. Halikuwa na milango, halikuwa na tone la maji, na mbuzi walikuwa wanalala ndani. Akina mama wetu walikuwa wanabebwa kwa bodaboda usiku, na uchungu umeshawashika, kupelekwa hospitali ya mbali.

Nilikasirika sana. Lakini nilichukua ukurasa ule, nikaupigia nakala yangu, nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye mji mzima unamheshimu. Nikamwambia, "Mwalimu, shikamoo. Nataka unisomee hii kisha uniambie kama naota." Akaisoma, akavua miwani, akasema, "Huoti, mwanangu. Sasa tuwaombe mkataba."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuzipata. Unaandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, sheria yenyewe imesema. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada, na haki yako haipungui kwa sababu ya nia uliyo nayo. Ofisi ina siku 21 kukupa uamuzi. Kama habari inagusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza mpaka muda uishe, sheria inahesabu kwamba wamekataa, nawe unaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi tunayoiita Ombudsman, ukaomba uamuzi huo upitiwe upya. Usikae tu, dirisha la kufanya hivyo ni siku 30.

Barua yetu ilikuwa fupi. "Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa wodi ya kujifungulia ya zahanati yetu, orodha ya kazi na bei zake, na vyeti vya malipo yaliyokwisha kufanywa kwa mkandarasi." Basi. Hatukuweka malalamiko wala lawama. Mwalimu alinikataza hata kuandika neno "ufisadi", akasema anayeomba karatasi hahitaji kumtukana anayeishika. Tukaipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya kaunti, tukadai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, kisha nikaituma pia kwa barua pepe. Ule muhuri una thamani kuliko ujumbe elfu moja wa hasira mitandaoni, nawaambia kweli.

Wakanyamaza. Nitayaruka majuma ya kupiga simu na kuambiwa afisa yuko mkutanoni. Tulikwenda kwa Ombudsman, na baada ya hapo karatasi zikaanza kutoka. Orodha ya kazi ilikuwa wazi kabisa: milango, tangi la maji, mabomba, mwanga wa sola, choo. Vyote vimeandikwa bei, na vingi vimeshalipiwa.

Ndipo simu zikapata kazi. Tulikuwa kundi dogo: mwalimu, mwendesha bodaboda, mhudumu wa afya ya jamii, kijana mmoja anayejua ramani, na mimi. Tukatengeneza jedwali la mtandaoni lenye safu mbili kubwa. Upande mmoja kile kilichoandikwa na kulipiwa, upande wa pili picha ya kile kilichopo, yenye tarehe na mahali ilipopigwa. Tangi la maji, picha ya mahali patupu. Mlango, picha ya tundu ukutani. Kijana wa ramani akaitia zahanati kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, maana haikuwepo. Mhudumu wa afya ana simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo yeye alikuwa anatutumia meseji za kawaida na mimi naziingiza. Msimdharau mwenye kabambe. Ushahidi, ile ramani ya mtandaoni ya kukusanya taarifa za wananchi, ilipoanza Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, watu walikuwa wanatoa taarifa kwa meseji pamoja na intaneti, na ramani ile ikaonyesha mambo ambayo taarifa za habari hazikuwa zinayaonyesha.

Tuliliweka jedwali hadharani. Hatukuandika maoni yoyote chini yake.

Sasa niseme lililoniuma, na bado linaniuma. Kwenye baraza, mbele ya watu walioniona nikikua, mkubwa mmoja alisimama akasema, "Huyu msichana wa fotokopi anatafuta kiti, na kuna mtu anamlipa." Hakuna aliyelipa hata shilingi. Bando lilikuwa langu, karatasi zilikuwa zangu. Watu wakacheka. Mama mmoja ninayemwita shangazi, ambaye binti yake alijifungulia njiani kwa sababu ya wodi ile ile, alijitoa kwenye grupu jioni hiyo na mpaka leo salamu yake kwangu ni nusu. Nimemsamehe, lakini sijasahau. Wewe unayetaka kuianza kazi hii, jua kwamba maneno ya namna hiyo yatakuja, na yatatoka karibu. Jibu lake ni kuonyesha barua yenye muhuri. Mwalimu alisimama siku ile akaisoma mstari kwa mstari mbele ya baraza, na kicheko kikaisha.

Mkandarasi alirudi. Milango ikatiwa, tangi likapandishwa, na mwezi uliopita maji yalifunguliwa katika wodi. Nilikwenda nikafungua bomba kwa mkono wangu. Najivunia jambo hilo, na sioni sababu ya kuficha.

Vijana wa Voi, nataka muelewe kwa nini nasisitiza karatasi na mtu wa pale. Itazameni nchi yetu. Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti ya taifa ya data huria, yaani data za serikali zilizo wazi kwa kila mtu, na Kenya ikasifiwa kila mahali. Data nyingi zikawekwa, kisha zikazeeka bila kuongezewa mpya. Mimi naona tatizo ni kwamba kilichowekwa ni kile ofisi zilichotaka kuweka, na mkulima au mama wa zahanati hakuona pale kitu anachoweza kukilinganisha na kilicho mbele ya macho yake. Sasa linganisheni na Agosti 2022. Tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti yake picha za fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya kura za urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Nakala ya fomu hiyohiyo ilibandikwa mlangoni pa kila kituo. Yeyote aliyeipiga picha mlangoni aliweza kuifungua ile ya mtandaoni akaangalia kama namba ni zilezile. Watu wakajumlisha wenyewe majumbani. Hata waliobishana mahakamani walibishana wakiwa na fomu mkononi. Teknolojia yake ilikuwa picha na tovuti tu. Nguvu ilitoka kwa watu waliokuwa wamesimama mlangoni.

Kibera ni vivyo hivyo. Mpaka 2009 ramani nyingi zilipaonyesha kama mahali patupu, na maelfu kwa maelfu ya watu wanaishi pale. Vijana wa Kibera wakashika vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni wakichora visima, vyoo, shule na zahanati. Ni wao walioweza, kwa sababu wanajua kichochoro kipi kina bomba.

Kwa hiyo chagueni mstari mmoja wa bajeti. Si bajeti nzima! Bajeti nzima itawachosha kabla hamjafika popote. Zijueni tarehe pia: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mwelekeo wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mkienda Mei kuomba kisima kipya mmechelewa, kisima huombwa mpango ukiwa bado unaandikwa. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na zinaonyesha kaunti imetumia kiasi gani. Zisomeni pamoja na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Na tafadhali, msipige picha za wagonjwa. Sisi tulipiga kuta, mabomba na milango tu. Mama aliyelala kitandani si ushahidi wenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo kwa ajili yake pia. Msiweke hadharani jina la mhudumu aliyewaonyesha tangi halipo, kwa maana nyinyi mtarudi nyumbani, yeye atabaki kazini.

Msiende peke yenu. Mtafuteni mwalimu wenu, mtu ambaye akisimama barazani watu hunyamaza. Mkiwa vijana watupu wenye kompyuta, mtaitwa wanaharakati na faili litafungwa.

Sisi sasa tumeshika barabara ya sokoni. Barua iliingia Jumatatu, muhuri upo. Kijana wa Voi, nitumie mstari mliouchagua pamoja na jina la mradi kama ulivyoandikwa kwenye kitabu cha bajeti, herufi kwa herufi. Nitakusaidia kuandika ombi, na nakala ya kwanza nitakuchapishia bure.