Oolong ya kahawia: imebanikwa au imeungua?

SWALI: Mtaalamu, kaka yangu ameniletea chai mbili za aina ya oolong kutoka Taiwan. Moja ni punje za kijani zinazonukia maua. Nyingine, Dong Ding, ni ya kahawia na ina harufu ya moto. Je, imechakaa au imeungua? — Msomaji wa kike, Tanga

JIBU: Dada yangu, rangi peke yake haisemi chochote, na hapo ndipo wengi wanapopotoshwa. Kahawia ya oolong ina vyanzo viwili. Kwanza ni hewa: jani likinyaushwa na kutikiswa, kingo zake huchubuka na kuanza kubadilika, mpaka mtengenezaji alizuie kwa joto. Pili ni moto wa kubanika, unaokuja jani likishakauka. Yako ya kijani imepata kidogo ya vyote viwili. Dong Ding ya jadi, kutoka Lugu huko Nantou, hupata zaidi.

Kubanika huko si kuchoma mahindi. Makaa hufunikwa kwa majivu ili pasiwe na mwali, kisha chai huwekwa juu yake ndani ya kapu la mianzi kwa saa nyingi. Huondolewa, ikapumzishwa, ikarudishwa tena. Kazi hiyo inahitaji jani zuri na mtu mwenye subira.

Wenye haraka ndio wanaoniudhi. Wanachukua oolong ya kijani iliyododa hadi harufu ikapotea, wanaisukumia joto kali kwenye oveni, kisha wanaiuza kama “ya jadi”. Wengine huongeza kwamba inayeyusha mafuta ya tumbo! Moto haufufui jani lililokufa, na hakuna chai inayoyeyusha tumbo.

Ipime hivi: tia gramu 5 kwenye birika dogo, mimina maji yanayotokota, rudia mara nne au tano. Kisha mwaga majani kwenye sahani nyeupe. Jani lililobanikwa vizuri hufunguka, likawa laini ukilinyoosha kwa kidole. Lililoungua hubaki limejikunja, gumu na jeusi kama kipande cha mkaa. Lako likifunguka lakini moshi ukakusumbua, iache wiki kadhaa kwenye kopo lililofungwa, harufu itatulia. Wakati huo inywe ile ya kijani, maana pakiti ikishafunguliwa maua yake hayadumu.

Siku utakayonunua mwenyewe, usikubali kuonja tu. Omba uone majani yaliyolowa, na muuzaji akiyaficha, nenda duka lingine.