Kumchana mchezaji mbele ya jukwaa: maswali yenu na majibu yangu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu kocha mmoja wa vijana niliyemkuta akimfokea winga wake pembeni ya uwanja, kwa sauti ambayo hata muuza karanga alisimama kuangalia kuna nini. Nikasema ule haukuwa ukocha. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wapo wanaosema nataka kuwalea wachezaji kama mayai, na wapo walioniletea mikasa yao. Nimechukua saba. Majina ya walioandika nimeyaacha.

"Vijana wangu wakicheza ovyo nawachana laivu, mashabiki wakisikia, na mechi inayofuata wanaamka. Nikiwasifu, mechi inayofuata wanavurunda. Sasa niache kitu ninachokiona kwa macho yangu kwamba kinafanya kazi?" (Kocha, Mwanza)

Macho yako hayakudanganyi, kocha. Ninachobisha ni sababu unayoitoa.

Siku moja kabla ya mazoezi okota vizibo vya soda, weka ndoo chini, kila kijana asimame ameipa mgongo na arushe kizibo kwa nyuma bila kuangalia. Mara mbili kila mmoja. Andika matokeo. Wale ambao mrusho wa kwanza ulikwenda hovyo kabisa, wengi wao wa pili utasogea karibu na ndoo. Wale ambao wa kwanza ulitua ndani, wengi wao wa pili watakosa. Na wewe hujafungua mdomo, hujamsifu mtu wala kumgombeza.

Mchezo huo si wangu. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel. Mmoja akasimama na kumwambia maneno yaleyale yako: ukimsifu mwanafunzi aliyerusha ndege vizuri, safari inayofuata anaharibu, ukimfokea aliyeharibu, anajirekebisha. Kahneman akawachorea shabaha sakafuni kwa chaki, wakarusha sarafu wakiwa wameipa mgongo. Mtu akiwa na siku mbaya kupita kawaida yake, inayofuata mara nyingi huwa ya kawaida tu. Hata aliyeng'ara kupita uwezo wake hurudi palepale. Wewe unafoka siku ya maji kupwa, yanapojaa unasema umeyaita.

Nisikunyime haki yako lakini. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao walichapisha kazi iliyochambua hotuba 304 za mapumziko za makocha 23 wa mpira wa kikapu wa sekondari na vyuo vya Marekani. Kocha aliyeonyesha hasira, timu yake ilicheza vizuri zaidi kipindi cha pili, hadi kiwango fulani. Akizidisha, timu ilishuka. Kwa hiyo ukali una kazi yake na sikuombi uutupe. Ila hotuba hizo zilitolewa ndani, timu na kocha wao. Hapakuwa na muuza karanga.

Utaniambia uwanja wenu hauna chumba. Najua, nimecheza viwanja hivyo. Mapumziko mnakaa chini ya mwembe na vichwa vya mashabiki vinachungulia katikati ya mabega yenu, mmoja anatoa maelekezo kukushinda wewe. Wape wachezaji wa akiba kazi: wasimame duara, migongo kwa kocha, nyuso kwa mashabiki, wawasogeze watu hatua kumi. Halafu chuchumaa, maana kocha aliyesimama anahutubia mkutano. Ukichuchumaa sauti yako yenyewe itashuka.

"Ferguson alifoka mpaka kiatu kikamchana Beckham usoni, na makombe akabeba. Tangu aondoke tumeletewa makocha wapole, ona tulipo. Huoni tunahitaji mtu wa kuwachana hawa?" (Shabiki wa Man U, Nairobi)

Ndugu yangu, pole kwanza. Pili, wapole? Mourinho naye umemweka kwenye orodha ya wapole?

Tuanze na kiatu. Ilikuwa Februari 2003, Manchester United ya kocha Alex Ferguson imefungwa na Arsenal 2-0 nyumbani kwenye Kombe la FA. Ferguson akapiga teke kiatu kilichokuwa sakafuni, kikampata Beckham juu ya jicho. Hayo yalitokea chumbani. Sisi tulijua kwa sababu wapiga picha walimnasa Beckham na kidonda chake. Kiangazi hichohicho akauzwa Real Madrid. Kwa hiyo hata mfano wenyewe unaoutumia uliishia kwa mchezaji kuondoka.

Ferguson alikuwa moto ndani, lakini akitoka nje kwa waandishi, mwenye kosa alikuwa refa, ratiba, dakika za nyongeza, waandishi wenyewe. Mchezaji wake mara chache sana. Januari 1995 Eric Cantona aliruka na kumpiga teke shabiki pale Selhurst Park, kosa ambalo dunia nzima ililiona kwenye televisheni. Akafungiwa miezi minane, na alipotaka kuondoka Uingereza Ferguson alimfuata Paris kumbembeleza arudi. Mtu aliyekutetea hivyo barazani, akikugombeza chumbani unamsikiliza. Ndiyo maana nawashangaa makocha wetu wanaoiga kufoka kwa Ferguson na kuliacha lile la kumtetea mchezaji barazani.

Mourinho, alipokuwa kocha wa United, alifanya kinyume. Aprili 2017, baada ya sare ya 1-1 na Everton, aliwaambia waandishi kwamba beki wake Luke Shaw alicheza vizuri kwa sababu yeye kocha alikuwa karibu naye pembeni akimfanyia kila uamuzi. Mwili wa Shaw, akili ya Mourinho. Kijana aliyetoka kuvunjika mguu vibaya mwaka 2015 anaambiwa hivyo mbele ya dunia. Watu huniambia, "mbona baadaye Shaw alikuwa mzuri?" Alikuwa mzuri, ndiyo, akafunga dakika ya pili ya fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya Julai 2021. Lakini Mourinho alifukuzwa United Desemba 2018, na kocha aliyemrudisha Shaw kwenye fomu hiyo alikuwa Solskjær. Mkulima aliyepanda hawezi kuwa yule aliyepita akakanyaga miche.

Na Januari 2025 Ruben Amorim, kocha wa United wakati huo, alipoulizwa kuhusu mshambuliaji wake Rashford, alisema afadhali amweke benchi kocha wa makipa mwenye miaka 63 kuliko mchezaji asiyejituma kila siku. Siku chache baadaye Rashford akaenda Aston Villa kwa mkopo. United ikamaliza ligi nafasi ya 15. Sisemi maneno yale ndiyo yaliyowashusha, timu ilikuwa mbovu tayari. Nasema hayakuwapandisha.

"Mwanangu ana miaka 14. Kocha wake humwita 'mzigo' mbele ya wenzake na sisi wazazi tuliokaa pembeni. Baba yake anasema tumwache akomae, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi roho inaniuma." (Mama, Morogoro)

Dada, methali hiyo nimelelewa nayo na siikatai. Ila haikusema uwaite majirani waje kumsikiliza mwana akilia.

Sisi watu wa Pwani tuna utaratibu wetu wa kumwaibisha mtu hadharani, anasutwa. Wanawake wanajipanga na khanga za sare, tarumbeta mbele, mpaka mlangoni kwa anayesutwa. Sijawahi kusikia mtu amesutwa ili atengenee. Anasutwa ili mtaa ujue, na waliosutwa wengi huhama. Kocha anayemwita mtoto mzigo huku anawaangalia wazazi, anamsuta. Maneno yale yanawalenga ninyi: matokeo yakiwa mabaya, mjue wa kumlaumu.

Nenda kwake siku ya mazoezi, si siku ya mechi, na baba yake uende naye kama atakubali. Muulize swali moja: kijana anakosea nini, na afanye nini? Akikujibu kwamba anachelewa kuachia mpira, au anasahau kurudi kukaba, basi mna kocha mkali anayejua kazi yake. Mwombe tu lile jina aliache. Akikujibu "huyu ni mzigo tu", hana la kumfundisha mwanao, mtafutie timu nyingine. Ikifika mbali, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtendea mtoto mambo ya kumtweza. Sikushauri uanzie huko, ila ni vizuri ukaenda ukiijua.

Na Jumamosi usimwangalie kocha. Mwangalie mwanao wenzake wanapokuwa na mpira. Anauomba? Ukiona anajificha nyuma ya beki wa wapinzani ili asipewe, ukomavu ambao baba yake anausubiri haupo njiani.

"Kocha wetu alisema redioni tumefungwa kwa sababu yangu, na jina akanitaja. Mtaani watoto wananitania. Nimjibu?" (Beki, Mtwara)

Redioni usimjibu, na kwenye stetasi ya WhatsApp ndiyo kabisa usiguse.

Mdogo wangu, mimi nilikuwa beki wa kulia. Nikiwa na miaka 19, mechi ya mtoano, nilipoteza mpira tukafungwa. Kocha wangu wa wakati huo akaja mpaka kwenye chaki akapiga kelele: "Na viatu vyenyewe vya kuazima!" Ilikuwa kweli, viatu vilikuwa vya binamu yangu, vilinizidi namba moja na nilijaza gazeti mbele. Uwanja ukacheka. Leo ukiniuliza nilikosea nini hasa siku ile, kama nilichelewa kugeuka au nilipiga pasi fupi, sikumbuki. Waliocheka nawakumbuka, na walikokuwa wamekaa nakumbuka.

Msimu wote uliobaki sikupanda tena. Nikipata mpira, nyuma kwa kipa. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu mtu anayerudisha mpira kwa kipa hafungishi. Kocha alidhani amepata beki mwenye nidhamu, kumbe alikuwa amepoteza krosi zote za upande wa kulia. Nakuomba hilo lisikupate.

Jua pia kocha wako alikuwa anazungumza na nani. Machi 2023 Antonio Conte, Tottenham ikiwa imeongoza 3-1 ugenini kwa Southampton ikaishia 3-3, aliwaita wachezaji wake wabinafsi mbele ya kamera, na uongozi nao akaugusa. Siku nane baadaye hakuwa na kazi. Timu aliiacha ya nne, ikamaliza ya nane. Kocha anayemtaja mchezaji redioni mara nyingi kiti chake kinatikisika na anawaeleza viongozi wasimguse yeye.

Mwombe dakika kumi, nenda na kapteni wako. Kama goli lile lipo kwenye simu ya mtu, mliangalie pamoja. Kosa likiwa lako likubali palepale, kisha mwambie wazi kwamba mengine kama hayo unapenda uambiwe wewe kabla ya mtangazaji.

"Nafundisha netiboli sekondari. Nikiongea kwa upole wasichana wananipanda kichwani. Mwenzangu wa shule jirani anatukana, na kila mwaka anatufunga." (Mwalimu, Eldoret)

Mwalimu, uko mwendo mfupi tu kutoka Iten na unaniuliza mimi? Brother Colm O'Connell alikuja pale kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia shule ya sekondari ya St Patrick's, akaingia kwenye riadha bila kuisomea. Ni mtu anayejulikana kwa utulivu, anasimama pembeni anaangalia mkimbiaji anavyotua mguu. Mwanafunzi wake David Rudisha alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 kwenye fainali ya Olimpiki London 2012, rekodi ya dunia, akiongoza mwenyewe tangu mwanzo.

Tatizo lako silioni kwenye sauti. Nadhani wasichana wamegundua kwamba ukisema kitu, kisipofanyika hakuna kinachotokea. Wape kanuni mbili tu, wiki hii. Atakayechelewa mazoezi haanzi mechi. Atakayembeza mwenzake haanzi mechi. Halafu omba Mungu wa kwanza kuchelewa awe mfungaji wako bora, na umweke nje bila neno. Mtafungwa siku hiyo. Wiki inayofuata utakuta wamefika kabla yako.

Huyo jirani muulize kitu kimoja, wasichana wake wangapi bado wanacheza baada ya kumaliza shule.

"Kumtoa mchezaji dakika ya 30, hiyo nayo si kumdhalilisha?" (Msomaji, Dodoma)

Kumtoa ni kazi ya kocha. Angalia anavyompokea. Akimpa mkono, akamwambia maneno mawili sikioni na jaketi akampa, mchezaji amekasirika tu, kesho yatakwisha. Akimgeuzia mgongo huku amenyoosha mikono kwa jukwaa kama anayesema "mnaona ninavyoteseka?", hapo hata neno hajatamka na amekwisha kumchana.

"Nilimtukana kipa wangu mbele ya shule nzima. Sasa najuta. Nimwite ofisini nimwombe radhi?" (Mwalimu wa michezo, Tanga)

Ofisini umwite, ndiyo, ajue mapema na asishtukizwe. Lakini deni lenyewe ulikopa mbele ya shule nzima, na halilipwi mlango umefungwa. Jumatatu mstarini, kabla ya matangazo, mwite kwa jina. Sema ulichomwambia hakikuwa sawa. Usiweke "ila na yeye", usieleze ulivyokuwa na presha, usifanye utani ili watoto wacheke. Sentensi mbili zinatosha.

Anaweza asikupe mkono siku hiyo. Usimlazimishe. Jioni mazoezini mpe glavu zake, umpigie mashuti kama kawaida.